UZI: Ndege wa bahari za barafu si walaji tu, ni wachukuzi

Mbawa Baridi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila kitabu cha baiolojia kina ule mchoro. Chini kabisa mwani, juu yake krili (vijikamba vya baharini), kisha samaki, kisha pengwini, na kileleni sili chui au nyangumi muuaji amekaa kama mfalme. Mishale yote inapanda. Pengwini kapewa mshale mmoja wa kula na mwingine wa kuliwa, mambo yakaishia hapo.

Mchoro haudanganyi, ila umesahau kwamba tumbo lina milango miwili. Nimezisoma habari hizi kwa muda, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba kazi kubwa ya ndege wa baharini kwenye ncha za dunia huanza akishamaliza kula. Anachota baharini, anashusha nchi kavu. Ni hamali. Na kwa kuwa nchi kavu ya huko ni mawe na barafu, mzigo anaoushusha haujifichi.

Naanza na Kaskazini. Nikipata nguvu nitashuka Kusini.

Kuna ndege anaitwa auki mdogo. Ana gramu 160 hivi, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mfupi, shingo hana ya kueleweka. Kaskazini magharibi mwa Greenland peke yake wanakadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya jozi. Chakula chake ni kopepodi, vidudu vya majini vinavyofanana na kamba wa kuliwa, saizi ya punje ya mchele au chini yake. Watafiti waliopiga hesabu ya nishati anayotumia mzazi wakati wa kulea walipata kwamba anahitaji kopepodi karibu 60,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Yaani hata asipofumba jicho (na majira ya joto kule jua halizami, kisingizio cha giza hana) ni kopepodi mmoja kila sekunde moja na nusu. Cha kinda anakibeba kwenye mfuko wa kooni, na anaporudi kutoka baharini shavu na koo vimetuna kama mtoto mwenye matumbwitumbwi.

Anaimudu kazi hiyo kwa sababu kopepodi wa maji baridi wamejaa mafuta, akiba yao ya kuvukia msimu wa baridi wakiwa wamelala vilindini. Jamaa zao wa maji yenye uvuguvugu yanayopanda kutoka Atlantiki ni wadogo na wakavu. Kwa hiyo bahari inaweza kujaa vidudu vilevile kwa idadi, na ndege akarudi na njaa.

Sasa angalia mlango wa pili. Auki hawa hutaga katikati ya mawe, kwenye miteremko. Pale Svalbard, visiwa vya Norway huko Aktiki, ukiwa mbali na koloni unakanyaga changarawe na vimea vya kuhesabu. Ukifika chini ya koloni, ardhi ni kijani kibichi, majani na kuvumwani vimenenepa kwa nitrojeni na fosforasi iliyotoka baharini kwa njia ya kinyesi. Bata bukini wanakula pale, paa wa Aktiki wanakula pale, na mbweha anazunguka akitafuta yai au kinda lililoteleza. Wale paa hawajawahi kumwona kopepodi, lakini wanamla kila siku.

Naendelea baadaye. Karibuni.

Sina Haraka

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, usikatishe uzi kama wengine.

Binti Jahazi

Uzi mtamu. Ila nina swali la kizamani: mbona hujamtaja pengwini huko Kaskazini? Au anaishi upande mmoja tu?

Mbawa Baridi

Upande mmoja tu, dada. Pengwini wa mwituni wa Kaskazini hayupo, kama ambavyo dubu mweupe hayupo Antaktika. Zile katuni za dubu na pengwini wakicheza pamoja zimewaharibu wengi.

Cha ajabu, jina lenyewe limetoka Kaskazini. Mabaharia wa Ulaya walimwita hivyo auki mkubwa wa Atlantiki ya Kaskazini, ndege asiyeweza kuruka, mweusi kwa mweupe. Walipofika Kusini wakaona ndege wanaofanana naye wakawapa jina lilelile. Yule mwenye jina aliuawa akaisha. Jozi ya mwisho inayojulikana ilinyongwa kisiwani Eldey, Iceland, mwaka 1844. Waliorithi jina hata si ndugu zake wa karibu.

Fundi Saa

Mkuu Mbawa, nakuheshimu lakini hapa naona unakuza mambo. Kijani chini ya koloni sawa, ni bustani. Bustani haibadilishi bahari. Krili wa Bahari ya Kusini wanakadiriwa kuwa tani mamia ya milioni. Kinyesi cha ndege ni nini mbele ya hapo? Na hata huo uoto wa Svalbard, umejuaje kwamba ni ndege walioufanya? Labda ndege wamechagua mahali pazuri palipokuwa pazuri tangu mwanzo.

Mbawa Baridi

Fundi Saa, hilo swali la mwisho ndilo nililokuwa nalisubiri, maana kuna jaribio la kulijibu, na waliolifanya kwanza walikuwa wafanyabiashara wa manyoya bila wao kujua.

Visiwa vya Aleutian, kati ya Alaska na Urusi. Si ncha kamili lakini ni jirani. Kuanzia karne ya 18 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 watu walipeleka mbweha kwenye visiwa vingi vya pale ili baadaye wavune ngozi. Vingine mbweha hawakufika. Mbweha akifika kwenye kisiwa cha ndege wanaotaga chini, unajua kilichofuata.

Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Donald Croll walichapisha ulinganisho wao kwenye jarida la Science: visiwa 9 vyenye mbweha, 9 visivyo nao. Bahari ileile, hali ya hewa ileile. Visivyo na mbweha vilipokea kinyesi mara makumi kuliko vyenye mbweha, na vilikuwa vimefunikwa na nyasi ndefu. Vyenye mbweha vilikuwa vimegeuka tundra: vichaka vifupi na mimea inayotambaa, udongo fukara wa fosforasi. Halafu wakafanya kitu ambacho wewe Fundi ungekidai: wakachukua mbolea, wakamwaga kwenye vipande vya ardhi katika kisiwa chenye mbweha, miaka mitatu mfululizo. Nyasi zikarudi.

Kwa hiyo si kwamba ndege walipenda penye nyasi.

Kuhusu bahari yenyewe umenigusa mahali pagumu, nitakuja.

Sina Haraka

Mbweha kaondoa nyasi bila kula nyasi. Hii nimeipenda.

Mwalimu wa Zamu

Naomba nisaidie upande wa bahari, maana nilishawahi kufundisha sehemu hii na wanafunzi huwa wanaamka usingizini nikifika kwenye kinyesi.

Bahari ya Kusini ina nitrati na fosfati za kutosha mwani kujaa tele, lakini mwani haujai kama ungetegemea. Kinachokosekana ni chuma. John Martin, mwanasayansi wa bahari wa Marekani, ndiye aliyelipigia debe wazo hilo miaka ya 1980, akatania mbele ya wenzake kwamba wampe nusu meli ya chuma naye atawapa enzi ya barafu. Mwani unahitaji chembe tu, lakini bila hizo chembe haukui.

Krili anakula mwani, chuma kinaingia mwilini mwake. Pengwini anakula krili, anabakiza anachohitaji, kingine kinatoka. Watafiti wa Hispania walipiga hesabu kwa pengwini aina ya kidevu-kamba peke yake, wale wenye mstari mweusi chini ya kidevu kama kamba ya kofia, wakapata takriban tani 521 za chuma kwa mwaka. Makala ilitoka 2023. Na walisema kiasi hicho ni kama nusu ya kilivyokuwa miaka ya 1980, kwa sababu pengwini hao wamepungua sana.

Fundi Saa

Tani 521 kwenye bahari nzima. Na hicho chuma si kipya, kimetoka kwenye krili ambaye alikitoa kwenye mwani wa palepale. Ni kuzungusha kilichopo. Bado sijaona uchukuzi, naona mzunguko.

Mbawa Baridi

Nakubali neno lako, mzunguko. Hapo nilipitiliza kwenye kichwa cha uzi. Kwa chuma, ndege haleti kipya, anazuia kilichopo kisizame. Nyangumi anafanya hivyohivyo, na krili wenyewe wanafanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ila mwani hauishi kwenye wastani wa bahari nzima, unaishi kwenye maji yaliyo mbele ya koloni, kwenye wiki zilezile za kiangazi ambazo pengwini yuko nyumbani. Mahali na wakati vina uzito kuliko jumla.

Na kuna uchukuzi mwingine ambao huwezi kuuita mzunguko wa palepale: hewani. Karibu na kituo cha Marambio cha Argentina, kwenye Peninsula ya Antaktika, kuna koloni la pengwini wa Adélie kama 60,000, kilomita 8 hivi kutoka kituoni. Watafiti waliweka vipimo. Upepo ukivuma kutoka upande wa koloni, gesi ya amonia itokayo kwenye kinyesi ilipanda hadi zaidi ya mara 1,000 ya kiwango cha kawaida. Amonia hiyo ikikutana na gesi za salfa zitokazo baharini, inaharakisha kuzaliwa kwa chembe ambazo mvuke huzishikilia, na wakashuhudia ukungu ukifuata. Makala ni ya 2025. Hata pengwini walipohama mwisho wa msimu, ardhi iliyolowa kinyesi iliendelea kutoa amonia, karibu mara 100 ya kawaida. Huko Aktiki ya Kanada na kwingine walishaona jambo la aina hiyo kwa ndege wa magenge.

Mawingu, Fundi. Bustani gani inafuga mawingu?

Fundi Saa

Haya, mawingu nakupa. Chuma bado tunadaiana.

Binti Jahazi

Mmetaja gesi za salfa mkanikumbusha kitu. Si ndiyo hiyo gesi ambayo ndege wanainusa?

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo hiyohiyo, dimethili salfaidi. Ni sehemu ya ile harufu ya mwani maji yanapokupwa. Krili anapoutafuna mwani, seli zinapasuka na gesi inapanda hewani. Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba baadhi ya petreli, ndege wa baharini, wa Bahari ya Kusini wanaifuata harufu hiyo. Waliimwaga baharini, ndege wakaja. Bahari ile kwa jicho ni maji matupu hadi upeo, lakini kwa pua ya petreli ina vilima na mabonde ya harufu, na penye kilima pana krili anakula.

Miaka kadhaa baadaye Nevitt na Matthew Savoca wakaisukuma hoja mbele. Mwani unaliwa, unatoa harufu. Petreli anakuja, anamla mlaji wa mwani, halafu anaacha kinyesi chenye chuma palepale. Ni kama mtu anayeibiwa akapiga yowe, jirani akaja akamkamata mwizi na kumwachia mwenye nyumba chakula cha jioni. Kama mwani "unanufaika" kwa kiasi cha kuitwa ushirika, hilo ni la kubishania, lakini mnyororo wenyewe ni mzuri kuutazama.

Kokoto

Nimekuwa msomaji kimya hapa, leo najitokeza. Mnazungumzia mizigo mizuri tu. Hamali habagui mzigo.

Kisiwa cha Devon, Aktiki ya Kanada, mahali panaitwa Cape Vera. Kuna ndege wa baharini aitwaye fulma wa kaskazini, kama jozi 10,000 kwenye magenge, na chini yake vidimbwi. Fulma wanalisha mbali baharini, na kwa kuwa wako juu kwenye mtandao wa chakula, miili yao inakusanya zebaki na sumu kama DDT, dawa ya kuulia wadudu. Jules Blais na wenzake walipima matope ya vidimbwi hivyo, matokeo yakatoka 2005. Kadiri kidimbwi kilivyopokea kinyesi zaidi ndivyo sumu ilivyozidi, vingine hadi mara 60 ya vile visivyofikiwa na ndege. Vidimbwi hivyohivyo ndivyo vyenye uhai mwingi kuliko vyote vya eneo lile, kwa hiyo mbolea na sumu vinafika kwa meli moja.

Na tangu Oktoba 2023 mafua ya ndege ya H5N1 yamefika Georgia ya Kusini, yakianzia kwa ndege aitwaye skua wa kahawia kisiwani Bird, na Februari 2024 yakathibitishwa kwenye bara lenyewe la Antaktika, kwa skua pia. Skua ni mla mizoga na mnyang'anyi. Anaingia kila koloni.

Mbawa Baridi

Kokoto, ungejitokeza mapema. Hii ilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Nashuka Kusini kabisa sasa, maana kuna mahali ninapopafikiria kila nikisikia mtu anasema ndege ni pambo tu la mfumo.

Svarthamaren. Ni mlima katika Ardhi ya Malkia Maud, kama kilomita 200 kutoka baharini. Pande zote barafu. Hapo ndipo petreli wa Antaktika wanapotagia, kwenye mteremko wa mawe, na kila wakitaka kula wanaruka hizo kilomita 200 kwenda na 200 kurudi, bado hawajaanza hata kutafuta. Pembeni yao kuna petreli-theluji wachache, na kuna skua wa Kusini. Skua hawa hawaendi baharini wakati wa kuzaa. Wanakula mayai, makinda na petreli wenyewe. Yaani mlimani pale kuna mtandao mzima wa chakula, mlaji na mliwa, na chini yake hakuna hata jani moja la kuulisha. Chakula chote kimekuja kwa mabawa.

Kuanzia 1985 hadi 2020 viota vya petreli wa Antaktika pale vilihesabiwa kati ya 20,000 na 200,000 kwa msimu. Msimu wa 2021/2022 dhoruba za theluji zilipiga mfululizo wakati wa kutaga. Ndege hawezi kutaga juu ya theluji, anahitaji jiwe. Watafiti wa Norway walikuta petreli watatu tu wa Antaktika wanaolea. Petreli-theluji wachache wa kuhesabu. Viota vya skua: sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo naitazama. Theluji haikumzuia skua peke yake, ilimfungia duka.

Sina Haraka

Swali la mpumbavu: wanahesabuje hawa ndege mahali kama huko? Kuna mtu anatembea na daftari?

Mwalimu wa Zamu

Mwingine anatembea na daftari, ndiyo. Wengine wanahesabu kwa setilaiti, na utacheka: wanachotafuta ni kinyesi. Pengwini mmoja haonekani vizuri kutoka angani, lakini doa la kahawia kwenye barafu nyeupe linaonekana. Makoloni kadhaa ya pengwini mfalme mkuu, emperor, yalijulikana hivyo. Visiwa vya Danger kwenye Peninsula ya Antaktika vilionekana na madoa kwenye picha za setilaiti za Landsat, msafara ukaenda Desemba 2015 na droni, wakahesabu jozi 751,527 za Adélie. Wengi hawakuwa wakidhani pale pana ndege wengi hivyo. Na rangi nayo inasema: aliyekula krili anaacha waridi, aliyekula samaki anaacha weupe.

Kwa njia hiyohiyo ya setilaiti ndipo ilionekana kwamba mwaka 2022 barafu ya Bahari ya Bellingshausen ilivunjika mapema, na katika makoloni matano ya emperor ya eneo hilo, manne huenda hayakubakiwa na kifaranga. Vifaranga walikuwa bado na manyoya laini yasiyozuia maji.

Binti Jahazi

Na wavuvi wa krili wanaingia wapi hapa? Maana nasikia krili wanavuliwa kwa ajili ya vidonge vya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa.

Kokoto

Wanaingia palepale anapokula pengwini. Uvuvi unasimamiwa na tume inayoitwa CCAMLR, makao yake Hobart, Australia, chini ya mkataba wa 1980. Kwa eneo lao namba 48, kuanzia Peninsula hadi Georgia ya Kusini, kikomo ni tani 620,000 kwa mwaka. Ukilinganisha na krili wote wa eneo hilo ni chini ya asilimia 1, na wenye meli hawachoki kukukumbusha hivyo.

Tatizo ni lile alilosema Mbawa: mahali na wakati. Meli zinafuata makundi mazito yaliyo karibu na pwani, na pengwini anayelea hawezi kwenda mbali, kifaranga kinamsubiri. Kulikuwa na kanuni ya kuugawa uvuvi usirundikane sehemu moja. Muda wake uliisha 2024 bila wanachama kuafikiana, na msimu wa 2025 kikomo kikafikiwa kabla ya msimu kuisha, uvuvi ukafungwa. Tume hiyohiyo ina mpango wa ufuatiliaji tangu miaka ya 1980 ambao unatumia pengwini kama kipimo: uzito wa kifaranga, muda wa safari za kutafuta chakula. Wanamuuliza pengwini kama bahari ina kitu.

Fundi Saa

Hapo ndipo mimi na Mbawa tunakutana. Ndege kama kipimo naelewa. Mfano wa Kaskazini upo?

Mbawa Baridi

Upo, na ndio nauhifadhi kuliko yote. Kisiwa cha Cooper, Alaska, kipande cha changarawe kisicho na mwinuko. Jeshi la wanamaji la Marekani liliacha pale masanduku ya mbao miaka ya 1950, na guilemoti weusi, ndege wa baharini ambao kwa kawaida hutaga kwenye nyufa za miamba, wakaingia chini yake. George Divoky anakwenda pale kila kiangazi tangu 1975. Aliongeza mahali pa kutagia, ndege wakaongezeka hadi zaidi ya jozi 200 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mzazi huleta samaki mmoja mmoja mdomoni. Zamani barafu ilikaa karibu na kisiwa kiangazi chote, na chini ya barafu palikuwa na samaki aitwaye chewa wa Aktiki, laini, mwenye mafuta. Barafu ikaanza kurudi nyuma mbali na pwani, chewa akaenda nayo. Mzazi sasa analeta samaki wa sakafuni mwa bahari, kichwa kikubwa cha mifupa na miiba, mafuta kidogo. Kinda linahangaika naye mlangoni pa kiota.

Na barafu ilipoondoka, dubu nao walikosa pa kuwindia sili. Tangu 2002 wakawa wanakuja kisiwani, wanapindua masanduku ya mbao, wanakula makinda. Divoky akaleta masanduku ya plastiki ngumu, ndege anapita, dubu hapiti. Hilo la dubu likapoa. La chewa liko vilevile, na jozi zimeshuka chini ya 100.

Sina Haraka

Dubu mzima anakula kinda la ndege? Anashiba kweli?

Mbawa Baridi

Hashibi. Ndiyo maana alikuwa akienda kiota kwa kiota mpaka kisiwa kiishe.